Kifaa hunusa polisi, hakinusi ajali

Ukisafiri kwa barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, hasa Ijumaa jioni watu wanapokimbilia mashambani, utaona ishara ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria za barabarani lakini kila dereva anaielewa. Gari linalotoka upande wa pili hulimulika gari lenu kwa taa mara mbili au tatu. Papo hapo dereva wenu huondoa mguu kwenye mafuta. Mshale wa mwendo hushuka, na abiria aliyekuwa ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili hupumua. Mwendo mfupi mbele, hao! Polisi wa trafiki wamesimama chini ya mti, mmoja wao ameshika mashine ya kupima mwendo. Gari hupita mbele yao polepole, kwa adabu ya bibi harusi. Likishapita kona ya kwanza, dereva hukanyaga mafuta tena kama aliyefunguliwa kamba.

Hicho ndicho kifaa cha Mkenya cha kugundua rada, nacho hakiuzwi dukani. Lakini wapo wenye magari ambao hawatosheki na hisani ya madereva wenzao. Hao huagiza kutoka ng'ambo kisanduku kidogo, ukubwa wake kama pakiti ya sigara, ambacho hubandikwa kwenye kioo cha mbele na kuchomekwa pale pa kuwashia sigara. Kikinasa mawimbi ya rada ya polisi, hulia na kuwaka taa, na dereva hupunguza mwendo kabla hajapimwa.

Swali ambalo wenye magari huulizana, na ambalo wake zao wanapaswa kuliuliza hata zaidi, ni hili: je, kifaa hiki kina faida yoyote kwa mtu apendaye kuendesha gari kwa kasi?

TOCHI GIZANI

Kwanza tuelewe kinavyofanya kazi, maana wengi hudhani ni uchawi. Mashine ya rada hutoa mawimbi yasiyoonekana, ambayo hugonga gari na kurudi. Msomaji, umewahi kusimama kando ya barabara basi likapita likipiga honi mfululizo? Utakumbuka kwamba sauti ya honi huwa nyembamba basi likija, kisha huwa nzito ghafla likishakupita. Jambo hilo lilielezwa na mtaalamu wa Austria, Christian Doppler, mwaka wa 1842. Rada hutumia siri hiyo hiyo. Mawimbi yanayorudi kutoka kwa gari linalokuja huwa yamebanana zaidi kuliko yalivyotoka, na mashine hupiga hesabu ya tofauti hiyo na kutoa mwendo wa gari kwa kilomita.

Sasa chukua mfano wa mtu mwenye tochi usiku wa giza. Wewe uliye mbali utaiona tochi yake muda mrefu kabla yeye hajakuona wewe, kwa sababu mwanga unakufikia moja kwa moja, ilhali yeye anahitaji mwanga huo ukufikie, ugonge shati lako, kisha urudi machoni pake ukiwa umefifia. Kifaa cha kugundua rada hufaidika kwa tofauti hiyo. Rada ya polisi inapowashwa na kuachwa ikimulika barabara nzima, kifaa huisikia kutoka mbali, hata nyuma ya kilima, kabla polisi hawajapata kipimo chochote.

Kwa hivyo wanaosema kifaa hiki ni ulaghai mtupu wanakosea. Kilitengenezwa na watu wenye akili, na kwa muda kilifanya kazi barabara. Asili yake ni Marekani. Mwaka wa 1974, baada ya nchi za Kiarabu kuinyima nchi hiyo mafuta, serikali ya huko iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 88, ili kupunguza matumizi ya petroli. Wamarekani waliozoea barabara ndefu zilizonyooka walihisi wamefungwa minyororo, na madereva wa malori wakawa wa kwanza kukimbilia vifaa hivi. Biashara ikastawi. Kikomo hicho cha kitaifa kilifutwa mwaka wa 1995, lakini vifaa vikabaki.

Sheria za nchi mbalimbali zimevichukulia kwa njia tofauti. Huko huko Marekani, jimbo la Virginia halitaki hata kuviona, na malori makubwa ya biashara yamekatazwa kuvitumia nchini kote tangu miaka ya tisini. Uingereza, mahakama iliamua mwaka wa 1998 kwamba kuwa nacho si kosa. Ufaransa, anayenaswa nacho hutozwa faini na kifaa chenyewe hutaifishwa. Afrika Kusini pia imevipiga marufuku. Anayesafiri na chake kutoka nchi moja hadi nyingine huenda akatozwa faini kwa kifaa alichonunua ili kukwepa faini.

POLISI NAO HAWAKULALA

Tatizo la kwanza la kifaa hiki ni kwamba mwizi na mlinzi hufundishana kazi. Mara polisi walipojua kwamba rada yao inasikika kutoka mbali, walijifunza kuizima na kuiwasha tu gari linapofika karibu. Hapo kifaa hulia, ndiyo, lakini hulia wakati mmoja na mashine ya polisi inaposoma kilomita 128. Kama hakuna gari lingine mbele yako lililopimwa kwanza, kengele hiyo haikuonyi bali inakupa taarifa kwamba umeshanaswa.

Kisha ikaja mashine ya mwanga wa leza. Hii haitoi mawimbi yanayotapakaa barabara nzima. Hutoa mwali mwembamba ambao, hata ukifika mita 300, upana wake ni karibu mita moja tu. Polisi huuelekeza kwenye nambari ya gari lako peke yake na kupata kipimo kwa muda usiofikia sekunde moja. Magari ya nyuma yako hayapati hata harufu ya mwali huo. Mtu aliyelipa maelfu ya shilingi kununua kifaa anaweza kukaa kimya kabisa kwenye kiti chake, kisanduku nacho kimenyamaza, hadi anapoonyeshwa mkono asimame.

Zaidi ya hayo, kifaa hiki kina ugonjwa wa kulia ovyo. Milango ya maduka makubwa inayofunguka yenyewe mtu akikaribia hutumia mawimbi ya jamii hiyo hiyo. Magari mengi ya kisasa nayo yana rada ndogo ubavuni za kumwonya dereva kuhusu gari lililo kando yake. Kifaa hakijui tofauti ya polisi na supamaketi. Dereva aliyeonywa mara ishirini bila sababu hukizoea kama tunavyozoea mbwa wa jirani abwekaye usiku kucha, na siku mwizi ajapo kweli, hakuna anayeamka.

Wengine watasema, basi afadhali simu. Ni kweli kwamba kuna programu kama Waze ambazo madereva hutumia kuarifiana kuhusu polisi walio mbele, na vipo vikundi vya WhatsApp vya kazi hiyo. Lakini hizo zinategemea mtu aliyepita pale kabla yako kuchukua simu yake akiwa kwenye usukani na kuandika. Yaani ili wewe usitozwe faini, mwenzako ahatarishe maisha yake na ya abiria wake. Na wewe ili usome onyo lake, uondoe macho barabarani. Hapo hatujaokoa chochote.

HESABU YA DAKIKA

Tuchukue sasa kalamu na karatasi, kama tunavyofanya tunapopanga bajeti ya nyumba. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160. Ukienda kilomita 100 kwa saa bila kusimama, utatumia dakika 96. Ukienda kilomita 120, utatumia dakika 80. Umeokoa dakika 16, muda wa kunywa kikombe cha chai na andazi moja pale Naivasha.

Lakini hata hizo dakika 16 ni za kwenye karatasi. Nani aliyewahi kwenda Nakuru bila kukwama nyuma ya trela linalopanda polepole, bila matuta, bila ng'ombe wanaovuka? Dereva anayekimbia hupita magari sita kwa fujo, na baada ya nusu saa huyakuta yote sita yamesimama nyuma yake penye msongamano, madereva wake wakimtazama. Kwenye safari ya Mombasa, ambayo ni karibu kilomita 480, hesabu ya karatasi ingekupa dakika 48. Uliza waliokesha Mariakani katika foleni ya malori kama waliziona dakika hizo.

Pesa nazo? Kulingana na kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016, anayepita kiwango kwa kilomita 6 hadi 10 hutozwa Sh500, wa kilomita 11 hadi 15 hutozwa Sh3,000 na wa kilomita 16 hadi 20 hutozwa Sh10,000. Anayezidi hapo hakimu ndiye ajuaye. Kifaa kizuri cha kugundua rada huuzwa mamia ya dola, na kikifika hapa kimeshakuwa makumi ya maelfu ya shilingi. Ongeza mafuta. Nguvu ya upepo inayolizuia gari haipandi sambamba na mwendo bali hupanda kwa mraba wake, kwa hivyo ukitoka kilomita 100 hadi 120, gari linasukumana na upepo kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 44. Upepo huo unausukuma kwa petroli uliyoinunua wewe, kutoka katika mfuko ule ule unaotoa karo na unga.

Ipo njia ya kukwepa faini ambayo haigharimu hata senti moja, nayo ni kutazama mshale ulio mbele yako. Sheria yetu inataka kilomita 50 mijini na katika vituo vya biashara, na 80 kwa matatu, mabasi na malori. Gari dogo nalo halipaswi kupita 110 hata penye barabara bora kabisa. Ukiyafuata hayo, polisi awe na rada, leza au darubini, humjali.

LALAMIKO LENYE HAKI

Hata hivyo, sitaki kuonekana kama niliyetumwa na polisi. Madereva wana malalamiko, na baadhi yake ni ya haki. Kuna mahali ambapo bango la kuonyesha mwendo liling'olewa kitambo likauzwa kama chuma kikuukuu, na dereva mgeni hana njia ya kujua kwamba ameingia katika kituo cha biashara. Kuna wanaojificha vichakani mahali ambapo hapajawahi kutokea ajali, huku penye hatari pakiachwa bila mtu. Na kuna wale ambao mashine ya kupima mwendo mikononi mwao ni ndoana ya kuvulia kitu kidogo. Gari likisimamishwa, hakuna hati inayoandikwa. Leseni hurudishwa ikiwa nyepesi kuliko ilivyotolewa.

Mambo hayo yanaudhi, na yanapaswa kusemwa kwa sauti. Lakini angalia dawa tunayojipa. Polisi mla hongo humpata mtu aliyevunja sheria kwanza, kwa kuwa huyo ndiye mwenye haraka ya kuyamaliza pale pale. Anayekwenda kwa mwendo uliowekwa ana ujasiri wa kusema, "Afande, niandikie." Kifaa hakimpi mtu ujasiri huo. Tena, mzaha wa polisi mmoja hauwezi kubadilisha uzito wa gari wala urefu wa breki.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Kifaa cha kugundua rada hugundua polisi, lakini polisi si hatari iliyo barabarani. Hakuna kifaa kinacholia kwa sababu mtoto wa shule anakaribia kuvuka pale Gilgil. Hakuna kinachowaka taa kwa ajili ya punda waliolala kwenye lami yenye joto usiku, wala mwendeshaji bodaboda asiye na taa ya nyuma, wala lori lililoharibikia kwenye kona, dereva wake akiwa hajakata hata matawi mawili ya mti kuyaweka barabarani kama onyo. Dereva aliyezoea kusikiliza kisanduku huanza kuamini kwamba kimya chake ni ruhusa. Kisipolia, basi barabara ni salama!

Kitabu cha mafunzo ya madereva cha Uingereza kinaonyesha kwamba gari dogo linalokwenda karibu kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 kusimama. Likienda kilomita 80, huhitaji mita 53. Likifika kilomita 112, mita 96, ambazo karibu zinatosha uwanja mzima wa kandanda. Na hivyo ni vipimo vya breki nzuri kwenye lami kavu. Kila sekunde ambayo dereva wa kilomita 120 anatazama kisanduku chake, gari limekula mita 33 bila macho.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia nne. Linasema pia kwamba gari likimgonga mtu anayetembea kwa kilomita 65 badala ya 50, uwezekano wa mtu huyo kufa huongezeka zaidi ya mara nne. Hapa kwetu, zaidi ya watu 4,000 wamekufa barabarani kila mwaka tangu 2021, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni wale wanaotembea kwa miguu, watu ambao hata hawakuwa na haraka ya kufika popote.

Isitoshe, kifaa chenyewe huzaa hatari yake. Kikilia, dereva hukanyaga breki ghafla bila kuangalia kioo cha nyuma. Anayemfuata, asiye na kisanduku wala habari, hujikuta juu ya buti la gari la mbele.

MDOMO WA ABIRIA

Je, kuna kifaa chochote kilichothibitishwa kufaa? Kipo, nacho kimo ndani ya kila gari lenye abiria.

Mwaka wa 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio hapa Kenya. Walibandika vibandiko ndani ya matatu za masafa marefu, vikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Matatu nyingine hazikubandikwa, ili kulinganisha. Hawakuongeza polisi hata mmoja, wala rada hata moja. Madai ya bima katika magari yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2015, lilipata upungufu wa kati ya robo na thuluthi moja. Pengine umekiona kibandiko chenyewe kikiwa na neno "Zusha!"

Ikumbukwe kwamba wakati huo vidhibiti mwendo vilikuwa tayari ni lazima. Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, aliviamrisha pamoja na mikanda katika kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, na nchi nzima ikakumbuka majina ya stendi zilizobaki tupu siku hizo. Kisha mafundi wakajua jinsi ya kuvichezea, kama vile polisi na wenye rada walivyochezeana huko Marekani. Mashine hudanganywa na mashine nyingine. Mama mwenye mtoto mapajani anayesema, "Dereva, tuna watoto humu!" ni vigumu kumdanganya, na aibu ya kumpuuza mbele ya watu kumi na wanne haina dawa.

Ikiwa maneno ya mgeni humlegeza dereva wa matatu, je, ya mke na watoto katika gari la nyumbani? Akina mama wengi hunyamaza. Wanaogopa kuambiwa kwamba hawajui gari, au kwamba wanamtia dereva kiwewe. Hunyamaza na kusali kimoyomoyo kutoka Limuru hadi Nakuru. Mume naye hudhani kimya hicho ni sifa kwa ustadi wake.

Bibi, usinyamaze. Sema kabla ya safari kuanza, nyumbani, wakati wa chai, si mnapolipita trela. Mwambie mwendo unaoutaka na sababu yake. Nanyi watoto, mna haki ya kusema, "Baba, punguza." Nawe mwenye gari, ukiisikia sauti hiyo, ihesabu kuwa kengele ya kifaa chako. Haihitaji betri, haipigwi marufuku nchi yoyote, na tofauti na kile kisanduku, inajua ni nini hasa kitakachopotea.

Kwa hivyo jibu la swali letu ni fupi. Kwa dereva apendaye kasi, kifaa cha kugundua rada humwokoa mara moja moja asilipe Sh10,000, na humwacha uchi mbele ya kila kitu kingine. Ukiwa nacho, kiuze. Fedha utakazopata zitatosha kubadilisha magurudumu yaliyokwisha na kununua mkanda wa kiti cha nyuma, ule uliokatika tangu mwaka juzi na ambao watoto hukalia bila kufunga.

Wahenga walisema, kawia ufike. Hawakuwa na rada, lakini barabara waliijua.

Tukutane Jumapili ijayo.